Sifa za Faili Lisilopendwa

Simba ana washairi wake, na mnazi una wake. Mimi nalisifu faili la shajara (WAL) la kanzidata ya PostgreSQL: kwa kawaida megabaiti 16 kamili, liwe limejaa au limebeba muamala mmoja tu, na jina la herufi na tarakimu 24 ambalo hata mama yake asingeliita mara mbili.

Kwanza, adabu. Kwenye seva ya akiba, archive_mode ikiwa on, faili hili halipelekwi ghalani hata ulibembeleze. Husubiri seva ile ipandishwe cheo. Ni manaibu wangapi ofisini kwetu wanaoweza kukaa na muhuri bila kuugonga?

Siku ya kupokezana vyeo naibu huwa mkuu, namba ya enzi (timeline) hupanda, na kazi ya kuhifadhi huanza. Hapo ndipo ukaidi wa faili unapong'aa. Amri ya kuhifadhi isiporudisha sifuri (labda mkuu mpya hana ruhusa ya kuandika ghalani, maana kila kitu kilitayarishwa kwa ajili ya yule wa zamani) faili halifutwi ng'o. Amri hurudiwa, hurudiwa tena, huku mengine yakipanga foleni nyuma yake. Diski ikijaa, kanzidata huanguka. Wako wanaouita huo ukorofi. Lakini nionyesheni karani mwingine aliye radhi ofisi nzima ifungwe kuliko kudai amepeleka barua ambayo haikufika.

Mwenye pupa naye amefikiriwa: tangu toleo la 9.5 archive_mode inaweza kuwa always, ambapo naibu huhifadhi hata kabla ya kupanda. Mkiwa na ghala moja, faili lilelile hufika mara mbili, na amri isiyokagua kilichomo hukanyaga la kwanza. Makarani wawili, barua moja, kabati moja: serikali imekamilika.

Wanaolilaani waiulize GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu. Tarehe 31 Januari 2017 seva yao ya akiba iliachwa nyuma. Shajara iliyoihitaji ilikuwa imeshafutwa kwenye seva kuu, na ghala la shajara hawakuwa nalo. Ikabidi naibu aundwe upya kwa mkono. Katika pilikapilika hizo mhandisi akafuta saraka ya kanzidata akidhani yuko kwenye seva ya akiba, kumbe yuko kwenye seva kuu. Kati ya gigabaiti 300 hivi, zilisalia 4.5. Nakala bora waliyoipata ilikuwa imepitwa na saa sita za kazi za watu.

Nafasi kwenye diski, lakini, ilikuwa tele.