Sifa za Nauli Isiyolipa

Bandari husifiwa kwa hotuba, reli hukatiwa utepe, na shaba ya Katanga huandikiwa kurasa nzima katika magazeti ya Ulaya. Nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi haijawahi kupigiwa hata vigelegele. Ikitajwa hutajwa kwa laana, na aghalabu anayeilaani ni mtu aliyetoka kuzungumza na benki yake dakika kumi zilizopita. Huo ni ukosefu wa shukrani. Kwenye barabara ile ya karibu kilometa 2,000, inayopita Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, ikaikata Zambia hadi Kasumbalesa, hakuna kitu kinacholisha watu wengi kwa fedha kidogo kama hiyo nauli.

Sifa yake ya kwanza ni adabu. Lori linaloshuka kutoka Kolwezi na shaba hudanganya macho. Aliyesimama kando ya barabara pale Mikumi huona tela refu lenye mafungu machache ya sahani nyekundu, hayamfiki mtu kiunoni, yamebanwa kwa mikanda ya chuma, na sehemu kubwa ya tela ni tupu. Atadhani tajiri amekosa mzigo. Kumbe pana tani 30 hapo. Mei 2024 tani moja ya shaba ilivuka dola 11,000 katika soko la London, kwa hiyo tela kama lile lilikuwa na mali ya zaidi ya dola 300,000, ambayo ingelinunua lori, tela na kila kilichofungwa nalo, na chenji ikabaki ya kununua mengine. Nauli haikutaka kujua. Yenyewe huhesabu tani, haihesabu thamani. Shaba inapopanda, nauli hubaki imeinamisha kichwa kama mkwe ugenini.

Ujanani haikuwa hivyo. Novemba 11, 1965, Ian Smith alipojitangazia uhuru wake Rhodesia, Zambia ilijikuta imekatwa njia yake ya mafuta upande wa kusini. Mafuta yakaanza kwenda kwa mapipa, juu ya malori, kwenye barabara ya vumbi kiangazi na tope masika, hata madereva wakaipa jina la jehanamu. Mwaka 1966 serikali mbili zikashiriki kuunda kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services ili mzigo usikwame. Mzigo ulikuwa mlima, malori ya kuhesabika. Nauli ya siku zile ilikuwa na sauti.

Likaja bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968, ikaja lami, na kufikia mwaka 1975 njia ya reli ya TAZARA ilikuwa imelazwa kilometa 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, ikiwa na uwezo uliokusudiwa wa tani milioni 2 kwa mwaka. Hapo nauli ya lori ilipaswa kufa kwa heshima. Ila reli ilichoka kabla yake: mwaka wa fedha 2014/15 TAZARA haikufikisha hata tani 100,000. Mzigo karibu wote ukarudi barabarani. Mwenye akili za kawaida angetarajia nauli ipande. Tatizo ni kwamba wenye akili za kawaida ni wengi, na kila mmoja aliposikia kuna mzigo alinunua lori.

Basi nauli ikawa mwalimu. Somo lake hufundishwa kwa simu, kwa kawaida jioni, na mhadhiri ni dalali.

"Bosi, kuna salfa ya Kolwezi. Tani 30, kupakia kesho."

Bei inatajwa. Mwenye lori anacheka kwa uchungu. "Hiyo si itaishia kwenye mafuta tu, mdogo wangu?"

"Nakuelewa, mzee wangu. Ila nina watu watatu wananipigia hapa, na mmoja yupo getini tayari."

Huyo wa getini hajawahi kuonwa na mtu. Kila mwenye lori anashuku kuwa hayupo, na hakuna anayethubutu kukata simu ili ahakikishe. Ukweli ni kwamba mara nyingi yupo. Ni mtu mwenye rejesho la benki Ijumaa na lori lililolala yadini wiki mbili, na kwake yeye bei yoyote inayozidi dizeli na posho ya dereva ni afadhali kuliko kuota kutu. Nauli ya njia nzima haipangwi na kampuni kubwa wala na vyama, si TATOA wala TAMSTOA ya wenye malori wadogo na wa kati. Hupangwa na huyo mwenye dhiki kuliko wote siku hiyo. Kuna demokrasia gani kubwa zaidi ya hiyo, mnyonge kuwapangia bei matajiri?

Darasa la juu zaidi hutolewa Kongo, wakati wa kutafuta mzigo wa kurudi. Lori likishashusha salfa liko kilometa 2,000 na ushee kutoka nyumbani, na litarudi tu, lipate shaba lisipate. Dereva anajua, wakala wa shaba anajua, na mlinzi wa geti anajua. Kila bei inayotajwa hapo hupimwa kwa kipimo kimoja: je, inazidi kurudi mtupu? Bora nusu shari kuliko shari kamili. Wataalamu wana vitabu vinene vya kueleza jambo hilo, lakini utingo aliyelala chini ya tela wiki nzima akisubiri kupakia analijua bila kitabu.

Sifa yake ya pili ni ukarimu, na hapa ndipo wasifiaji wengine wangeishiwa pumzi. Nauli ndogo huwalisha wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni. Huwalisha mama ntilie wa Makambako na mafundi wa matairi waliojipanga baada ya mlima Kitonga, kwa maana tela na kichwa chake vina matairi 22, na mwenye lori aliyebanwa na nauli hununua yaliyokwisha tumika. Huwalisha wenye maegesho ya Tunduma wanaotoza kwa usiku mmoja mmoja. Hulipa ushuru wa barabara Zambia, ikaulipa tena baada ya Kasumbalesa. Husimama kwenye mizani Vigwaza, ikasimama Mikese, Makambako, na Mpemba, kana kwamba mzigo ungeweza kunenepa njiani.

Lakini sadaka yake kubwa haionekani kwenye risiti yoyote. Nauli hulipwa kwa safari, na safari ni safari, ichukue siku 14 au siku 40. Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa sababu ya Covid. Foleni ikalala Tunduma, na gharama ya kulala ikabebwa na nauli. Mwaka 2017 malori mengi ya Tanzania yaliyobeba magogo ya mkula kutoka Kongo yalizuiliwa Zambia, na kusubiri kwake kukahesabiwa kwa miezi. Agosti 2024 Kongo ilizuia soda na bia za kutoka nje, Zambia ikajibu kwa kufunga Kasumbalesa. Mpaka ulifunguliwa baada ya siku chache, mataifa yakapatana, na aliyelipia ugomvi wa soda ni mwenye lori aliyebeba mashine za mgodi. Mikataba ya wakubwa huwa na kifungu cha fidia ya kusimama. Mwenye lori moja hupewa pole.

Ndiyo maana kila ofisi njiani inaweza kufanya kazi zake bila pupa. Karani akichelewa kugonga muhuri, mtandao ukikatika, skana ikiharibika, hakuna idara inayopelekewa ankara. Oktoba 2019 marais wa Tanzania na Zambia walizindua kituo cha pamoja cha forodha Tunduma na Nakonde ili lori likaguliwe mara moja badala ya mbili, na jambo lile lilikuwa jema. Foleni bado hutokea. Zingekuwa zinamgharimu anayezisababisha, pengine zingekwisha kitambo.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kwenda na kurudi ni kilometa 4,000, lori la mzigo linakunywa karibu nusu lita kwa kilometa, hivyo lita 2,000 zinateketea kabla ya posho na vibali. Tuseme baada ya kuyatoa hayo yote safari inabakiza shilingi milioni 4. Tuseme tena rejesho la benki, bima, mshahara na akiba ya matairi ni milioni 6 kwa mwezi. Lori likienda safari moja kwa mwezi, mwenyewe anapoteza milioni 2. Likienda mbili, anapata milioni 2. Nauli haikubadilika hata senti. Kilichobadilika ni siku za kusimama. Siku kumi za Kasumbalesa ndizo tofauti kati ya mfanyabiashara na mdaiwa, lakini anapolaani, huilaani nauli, kwa kuwa ndiyo pekee yenye jina na tarakimu.

Wapo waliojaribu kuipandisha kwa amri. Brazil, baada ya madereva kugoma Mei 2018 na nchi kukaukiwa mafuta, serikali ilitunga sheria ya nauli ya chini kabisa. Afrika nayo ina uzoefu wake. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2009, ulioandikwa na Supee Teravaninthorn na Gaël Raballand, ulizilinganisha njia kuu za bara hili, ukaona kwamba Afrika ya Kati na Magharibi, ambako mzigo uligawanywa kwa zamu na vyama vikalinda bei, nauli zilikuwa juu na malori yalikuwa machakavu, yakitembea kidogo kwa mwaka. Rwanda ilipoachia soko mwaka 1994, nauli zilishuka kwa karibu asilimia 30. Hapa mzaha unapaswa kukaa kando kidogo: unga na sabuni vinavyouzwa Lubumbashi vingekuwa ghali zaidi kama dalali yule asingekuwa na watu watatu wanaompigia. Ushindani ni halali yake. Kisicho halali ni kumwachia mshindani mmoja gharama za uzembe wa wengine wote, kisha kumwambia soko ndilo limeamua, naye akailipie tofauti kwa breki zisizobadilishwa na usingizi wa dereva kwenye mteremko wa Kitonga.

Kuhusu mustakabali, wapenzi wa nauli ndogo wasiwe na hofu. Magharibi, reli inayoishia bandari ya Lobito, Angola, imeanza kuchukua shaba ya Kolwezi, ikiungwa mkono na Marekani na Umoja wa Ulaya. Mashariki, Septemba 2024, viongozi wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA ikitiwa saini. Reli zote mbili zikichangamka, kilichobaki barabarani kitagombewa na malori yale yale, na nauli itafikia ukamilifu wake.

Wenye malori wameshaanza kujipanga. Mchukulie mwenye malori mawili wa Mbezi: amekaa na kikokotoo, amegundua faida ya kila lori ni kiduchu, na akaamua, kwa mantiki isiyo na kasoro, kwamba dawa ni kuwa na malori manne. Jirani zake watatu wamefikia hesabu hiyo hiyo. Afisa mikopo alipomuuliza mzigo wa malori hayo utatoka wapi, alitoa simu mfukoni, akamwonyesha namba ya dalali.