Heko, Kasuku wa Mali Kauli

Wapo wanaosifu mashirika ya ndege yenye faida. Waache, faida haihitaji mpiga debe. Mimi namsifu kasuku wa kijivu, nembo ya Fastjet, shirika la bei chee lililoanza kuruka kutoka Dar es Salaam Novemba 2012 kwa nauli ya kuanzia shilingi 32,000, kodi mbali.

Kwa watu wa Kariakoo ilikuwa neema. Mfanyabiashara aliyefungasha mzigo Mtaa wa Kongo alizoea kurudi Mwanza kwa basi na kushuka miguu imevimba kama mihogo. Ghafla akawa abiria wa Airbus: marobota yanatangulia kwa lori, mwenyewe anapita juu ya Singida bila kusimamishwa kuchimba dawa.

Wabaya wake husema hakujua hesabu. Waongo hao. Sisi Kariakoo tuna mali kauli: nakupa mzigo leo, wewe unanipa neno, fedha utaleta ukishauza. Tukajiona wajanja wa mji. Kasuku akaigeuza kama chapati: wewe toa fedha leo, nami nakupa neno kwamba mwezi wa kumi na mbili utaruka. Niambieni, ni mwenye duka gani pale Msimbazi aliyewahi kukopa kwa wateja wake mwenyewe, nao wakamshukuru kwa kuwahi ofa? Na neno ndiyo kazi ya kasuku. Tulitegemea atage?

Tena alikuwa muungwana. Juni 2018 kampuni mama, yenye hisa zake sokoni London, ilitangaza hadharani kwamba isipopata fedha mpya huenda ikashindwa kuendelea na biashara. Nionyesheni tajiri wa Narung'ombe anayebandika tangazo kama hilo mlangoni. Wetu hufunga duka usiku na kuacha kufuli. Novemba biashara ya Tanzania ikahamia kwa Lawrence Masha, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Kwa kampuni inayodaiwa, kuongozwa na mtu aliyewahi kuwa na polisi wote chini yake si haba.

Desemba Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikatoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kufuta leseni. Madeni yalikuwa miongoni mwa sababu. Safari za sikukuu zikayeyuka. Wasio na shukrani walinung'unika, lakini tazama fadhila yake: Mchaga aliyepanga kutua Kilimanjaro kwa saa moja na kuila Krismasi akiwa hajachoka alirudishwa Ubungo akagombee siti, akakumbuka bei ya machungwa Korogwe, akachimba dawa na wenzake vichakani kama zamani. Utalii wa ndani ulioje!

Kama bado unayo tiketi ya Desemba ile, usiitupe. Ikunje vizuri, uiweke kwenye daftari la wadaiwa wako, ukurasa uleule wa mali kauli.