Kombe la Warithi: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Utendaji ya UEFA

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Utendaji,
Shirikisho la Vyama vya Soka vya Ulaya (UEFA),
Nyon, Uswisi.

YAH: PONGEZI KWA KUILINDA HAKI YA MIRATHI KATIKA SOKA LA VIJANA

Waheshimiwa Wajumbe,

Kamati inastahili pongezi ambazo haijawahi kuzipata kikamilifu, kwa sababu wachambuzi wengi wamezoea kuisifu kwa mapato ya Ligi ya Mabingwa na kuisahau kazi yake ya kifalsafa, yaani ile ya kuanzisha, katika msimu wa 2013/14, mashindano ya klabu kwa vijana wasiozidi miaka 19 ambamo njia kuu ya kuingilia si kucheza mpira bali kuwa na wakubwa wanaoucheza vizuri. Mashindano hayo huitwa Ligi ya Vijana ya UEFA, na bingwa wake hukabidhiwa kombe lenye jina la Lennart Johansson, Mswidi aliyeliongoza shirikisho kuanzia 1990 hadi 2007. Kanuni yake ya msingi ni nyepesi kueleweka: klabu ambayo timu yake ya wakubwa imefika hatua kuu ya Ligi ya Mabingwa huingiza moja kwa moja timu yake ya vijana, hata kama vijana hao wanashika mkia katika ligi ya nchi yao.

Wanazuoni wa sheria wamebishana kwa karne nyingi juu ya mambo yanayoweza kurithiwa, kama vile shamba, nyumba, deni na jina la ukoo, lakini hakuna aliyethubutu kuiongeza katika orodha hiyo nafasi ya nne katika ligi ya Uingereza. Kamati imethubutu. Tena haikuishia kwenye tiketi, kwa kuwa hata ratiba hurithiwa: tangu msimu wa 2024/25, wakubwa wa klabu 36 wakishapangiwa wapinzani wao katika hatua ya ligi, yaani hatua ambayo timu zote huwekwa katika msimamo mmoja badala ya makundi, vijana wao hufuatana nao katika mizunguko sita ya kwanza, wakikutana na klabu zilezile, nyumbani kwa nyumbani na ugenini kwa ugenini. Msimu wa 2025/26 klabu ya Kairat ya Almaty, mji wa Kazakhstan usio mbali na mpaka wa China, ilifika hatua hiyo kwa mara ya kwanza, na vijana wake, ambao hawakuchomolewa katika chungu chochote cha droo, wakajikuta na mechi ya ugenini dhidi ya Sporting ya Ureno, kiasi cha kilomita 7,000 kutoka nyumbani. Watakaodai kwamba safari ya namna hiyo humkosesha mwanafunzi vipindi hawajui thamani ya somo la jiografia linalofundishwa kupitia dirisha la ndege.

Ukarimu kwa warithi unaonekana pia katika hesabu, kwani kila mmoja wao amehakikishiwa mechi sita, na mwisho wake timu 22 kati ya 36 husonga mbele kwenye mtoano, jambo linalomaanisha kwamba kijana anaweza kufungwa mara kadhaa, akajirekebisha, akafungwa tena, na bado akaitwa miongoni mwa bora wa Ulaya. Kwa wale wasio na wakubwa wa maana, Kamati iliweka katika msimu wa 2015/16 mlango wa uani uitwao Njia ya Mabingwa wa Nchi. Mlango huo ni wa timu zilizotwaa ubingwa wa vijana katika nchi zao, na kwa kuwa kosa la kushinda kwa juhudi binafsi haliwezi kuachwa bila adhabu, timu hizo huanza kwa mtoano wa nyumbani na ugenini, ambamo jioni mbili mbaya zinatosha kumrudisha bingwa wa taifa zima shuleni, huku nafasi zinazowaniwa na wote hao katika hatua ya timu 32 zikiwa 10 tu.

Ni wajibu wa barua hii, hata hivyo, kuijulisha Kamati kwamba mlango wa uani unavuja, na kwamba uvujaji huo ulianza mapema. Mwaka 2017 kombe lilichukuliwa na vijana wa Salzburg ya Austria, walioingia kwa njia hiyo ya uani wakati kaka zao walikuwa wamejenga mazoea ya kuondolewa katika hatua za awali za Ligi ya Mabingwa. Uchunguzi makini ungefanyika wakati huo, pengine fedheha ya 2023 isingetokea.

Fedheha hiyo inahitaji kuelezwa kwa urefu. Katika msimu wa 2022/23 vijana wa AZ ya Alkmaar, Uholanzi, ambao wakubwa wao hawakuwa wameonekana katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa tangu 2009/10, waliwakuta Barcelona wakawafunga 3-0, wakawakuta Real Madrid wakawafunga 4-0, bila hata kuuliza hawa ni watoto wa nani. Upande wa pili vijana wa Hajduk Split ya Kroatia waliwatoa Manchester City katika hatua ya timu 16, ingawa wakubwa wa Hajduk walifika hatua hiyo ya makundi kwa mara ya mwisho katika msimu wa 1994/95, wakati ambapo hakuna hata mmoja wa wachezaji hao aliyekuwa amezaliwa. Fainali iliyochezwa Geneva, mwendo mfupi kutoka makao makuu ya Kamati, ikawa kati ya timu mbili zilizopitia uani, ikaisha AZ 5, Hajduk 0, na warithi wote wakaitazama wakiwa majumbani. Mwaka uliofuata Olympiacos ya Ugiriki, nayo ya uani, iliifunga Milan 3-0 katika fainali ya Aprili 2024, na mwezi uliofuata wakubwa wa Olympiacos wakatwaa Ligi ya Konferensi, jambo la kutisha kuliko yote kwa mtazamo wa kisheria, kwa kuwa hapo ni baba aliyeonekana kurithi kwa mtoto. Mwaka 2025 Trabzonspor ya Uturuki ilifika fainali kwa njia hiyohiyo, ila Barcelona, Mungu awajalie, waliinusuru heshima ya ukoo kwa mabao 4-1.

Waswahili husema mbebwa hujikaza, na haki itendeke: Barcelona, wenye makombe matatu, ya 2014, 2018 na 2025, wamejikaza, kama walivyojikaza Chelsea waliolitwaa mara mbili mfululizo, 2015 na 2016. Lakini hapa ndipo elimu ya mirathi ya Kamati inapofikia kina chake halisi, kwa sababu mrithi hurithi tiketi na ratiba, ila jezi ya wakubwa harithi. Dominic Solanke aliongoza kwa mabao 12 Chelsea ilipotwaa kombe la 2015, na katika timu ya wakubwa ya klabu hiyohiyo alicheza mechi moja, akiingia kama mchezaji wa akiba, kabla ya kuondoka mwaka 2017, kwa kuwa nafasi za juu hununuliwa sokoni. Mtoto huitwa mtoto wa nyumbani siku ya kuingia mashindanoni, na siku ya kugawana mali huambiwa aende kwa mkopo.

Kuhusu vijana wa Afrika, Kamati haina la kujilaumu, maana FIFA imeshaifanya kazi hiyo kupitia Kifungu cha 19 cha kanuni zake za uhamisho, kinachozuia, isipokuwa katika hali chache, mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhama nchi moja hadi nyingine. Ni kinga ya lazima dhidi ya mawakala walaghai, na hakuna mwenye akili timamu anayeipinga. Athari yake ni kwamba Mwafrika hubakiwa na mwanya mdogo kati ya miaka 18 na 19, na kupitia mwanya huohuo Patson Daka wa Zambia alifika Salzburg Januari 2017, akafunga bao katika fainali ya Aprili, akawa bingwa. Bara lake lenyewe halihitajiki zaidi ya hapo, kwani tangu 2022 bingwa wa Ulaya hukutana na bingwa wa vijana wa Amerika Kusini katika kombe linalotajwa kuwa la mabara, nayo mabara yaliyobaki yana haki kamili ya kununua ving'amuzi.

Barua hii inapendekeza, kwa unyenyekevu, kwamba mantiki ikamilishwe. Ikiwa wakubwa wakifuzu vijana wamefuzu, basi wakubwa wakifungwa, mechi ya vijana ya alasiri ifutwe na matokeo yaandikwe kama ya wakubwa ya usiku, utaratibu utakaookoa nauli na kuwaepusha makocha wa vijana na usumbufu wa kufundisha. Bingwa wa nchi atakayetaka kupitia uani alete kwanza barua ya wazee wake wakieleza kwa nini wao hawakufuzu, na akithubutu tena kufika fainali, kombe likabidhiwe kwao walitunze mpaka atakapokuwa na umri wa kuuzwa.

Majibu ya Kamati yatumwe kwa wazee wa mwandishi, kwa kuwa kwa mujibu wa kanuni zilizoelezwa hapo juu mwandishi mwenyewe hana hadhi ya kujibiwa hadi wao watakapokuwa wamefuzu.