Bastola Ikikataa Kula

Bastola ya nusu-otomatiki hujilisha yenyewe, na hapo ndipo balaa lake lote linapoanzia. Bunduki ya zamani ya risasi moja haikuwa na utata: mwenyewe alichukua risasi, akaitia chemba, akafunga, na ikikwama alijua wa kumlaumu. Bastola ya kujilisha imemwondolea mtu kazi hiyo na, pamoja na kazi, imemwondolea lawama. Siku hizi bastola hukwama yenyewe, na mwenyewe husimama pembeni akiitazama kwa masikitiko ya mtu aliyesalitiwa.

Mzunguko mzima wa ulishaji huchukua chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Risasi ikifyatuka, msukumo huipeleka slaidi nyuma. Ndoana ndogo ubavuni mwa slaidi hung'ang'ania ganda tupu na kulivuta kutoka chemba, ganda hujigonga kwenye kijichuma kisichosogea na kuruka nje, aghalabu kuelekea kola ya shati la jirani. Springi iliyokandamizwa nayo huirudisha slaidi mbele. Ukingo wa chini wa slaidi hukikuta kitako cha risasi inayofuata na kuisukuma kutoka kwenye midomo ya magazini. Pua ya risasi hupanda kimteremko kilicho mbele ya chemba, kitako huteleza juu na kuingia chini ya ndoana, na chemba hufungwa. Kila hatua hutegemea ile iliyotangulia iwe imefika kwa wakati, sharti ambalo binadamu hawajawahi kulimudu hata kwenye vikao vya harusi.

Bastola inayofaa zaidi kwa somo hili ni Colt M1911, kazi ya John Moses Browning, iliyokubaliwa na jeshi la Marekani tarehe 29 Machi 1911. Katika majaribio yaliyotangulia, bastola moja ilipigishwa risasi 6,000 kwa siku mbili. Ilipopata moto kupita kiasi ilitumbukizwa majini ipoe, kisha ikaendelea. Haikukwama hata mara moja, ilhali mshindani wake, bastola ya Savage, ilirekodiwa hitilafu 37. Wamiliki wa leo wanaijua habari hiyo kwa moyo, na huisimulia vizuri zaidi wakati wanapojaribu kubandua ganda lililobanwa kwa ncha ya kisu. Wanachosahau kusimulia ni mlo wenyewe. M1911 iliundwa kwa ajili ya risasi yenye pua ya mviringo iliyovikwa madini, uzito wa greini 230, yaani karibu gramu 15, kutoka magazini ya risasi 7. Mrithi wake wa leo hulazimishwa kumeza risasi zenye pua butu na tundu katikati, kutoka magazini ya risasi 8 zilizobanwa katika nafasi ya risasi saba, iliyonunuliwa kwa sababu ilikuwa na punguzo la bei.

Uchunguzi wowote huanza na kuifanya bastola isiwe na la kusema. Mtutu uelekee upande wa shabaha, kidole kikae nje ya kifyatulio, magazini itolewe, slaidi ivutwe na kushikiliwa nyuma, chemba itazamwe kwa jicho kisha iguswe kwa kidole. Mpangilio huo si wa mapambo. Anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini hutoa risasi moja na kuingiza nyingine, kisha huapa mbele ya mashahidi kwamba bastola ni tupu. Kuna pia mlio mmoja unaopaswa kusimamisha kila kitu: risasi ikitoa sauti hafifu, ya kukohoa, huenda imebaki ndani ya mtutu, na risasi ya pili ikipigwa nyuma yake mtutu huweza kupasuka. Hapo hakuna cha kusukuma wala kujaribu tena. Bastola hushushwa, hufunguliwa, na mtutu hutazamwa ukiwa umetolewa.

Ikiwa hakuna hatari hiyo, kilichokwama ni ushahidi na hakifai kuharibiwa. Walio wengi hupiga kitako cha magazini, huvuta slaidi kwa hasira, risasi hudondoka mchangani, na kesi hupotea kabla ya kusikilizwa. Mchunguzi mwenye subira huangalia kwanza pua ya risasi iko wapi. Ikiwa imeinama na kugota chini ya kimteremko, kwa kawaida magazini haikuiinua vya kutosha. Ikiwa imenyanyuka na kugota juu ya mdomo wa chemba, magazini imeiachia mapema. Slaidi ikiwa imepita juu ya risasi bila kukikamata kitako chake, risasi imechelewa kupanda, au slaidi imewahi mno. Ganda tupu lililosimama wima kwenye dirisha la kutolea maganda ni kosa la kutupa, si la kulisha, ingawa mwenye bastola huyaweka yote katika faili moja linaloitwa “imeanza tena”. Ganda likibaki chemba na risasi mpya ikasukumwa nyuma yake, ndoana ndiyo mshukiwa. Na slaidi ikisimama milimita mbili au tatu kabla ya kufunga, chemba ni chafu, ama risasi ni nene kuliko ilivyopasa, ama ndoana inabana kupita kiasi.

Katika makosa haya yote, mkosaji mkuu ni magazini, na ni vigumu kueleza kwa nini watu humchunguza wa mwisho. Labda ni kwa sababu inaonekana kuwa kiboksi tu. Ukweli ni kwamba magazini ndiye konda wa basi hili: yeye ndiye anayeamua nani anasogea, lini, na kwa pembe gani, na akilegea kidogo abiria hukwama mlangoni wakati dereva ameshaondoa gari. Springi yake huchoka. Midomo yake, ambayo ni bati lililokunjwa, hupanuka kila inapoangushwa kwenye saruji, na wanaofanya mazoezi ya kubadilisha magazini haraka huiangusha kwenye saruji kwa makusudi, mchana kutwa. Kibao kinachobeba risasi huinamia mbele. Mchanga huingia ndani na kutulia humo.

Tiba ya kwanza ni rahisi hadi inaudhi: kila magazini ipewe namba kwa rangi au kalamu isiyofutika, na kila mkwamo uandikwe pembeni mwa namba yake. Baada ya siku moja ya mazoezi hubainika kwamba bastola nzima ni salama na magazini namba tatu ni jambazi. Wajerumani walilielewa jambo hili mapema. Bastola yao ya Luger P08 ilikuwa na tabia ya kuchagua chakula, na jeshi liliigongea magazini namba ileile ya bastola yake. Ya akiba iliongezewa alama ya kujumlisha. Magazini ya Luger haikuwa ya kuazimana kwa moyo wa ujirani. Mmiliki wa leo, mwenye magazini kumi na moja za watengenezaji watano, huzichanganya zote kwenye mfuko mmoja kisha huandika barua ya malalamiko kwa kiwanda kilichotengeneza bastola.

Mshukiwa wa pili ni risasi. Mtutu ukiwa umetolewa na kusimamishwa chemba juu, risasi idondoshwe ndani: iingie kwa uzito wake, itoe mlio mkavu, na mtutu ukigeuzwa itoke yenyewe. Isipofanya hivyo, hakuna haja ya kwenda mbali zaidi. Risasi ya .45 ya M1911 haitakiwi kuzidi urefu wa inchi 1.275, karibu milimita 32.4, ikizidi hukwaruza ukuta wa mbele wa magazini, na ikiwa fupi mno huinamisha pua. Risasi za dukani mara nyingi hutii. Zile zilizojazwa na mwenyewe nyumbani, usiku, redio ikitangaza mpira, hazitabiriki, na aliyezijaza atakuwa wa mwisho duniani kuzishuku. Atabadilisha springi, atabadilisha ndoana, atabadilisha bastola, lakini boksi la risasi zake litabaki mezani na heshima zake zote.

Mshukiwa wa tatu ni mkono, na hapa fundi huhitaji adabu kuliko bisibisi. Slaidi hurudi nyuma kwa kutegemea kwamba fremu imetulia. Kifundo cha mkono kikilegea, fremu hurudi nyuma pamoja na slaidi, safari inakuwa fupi, ganda halitoki vizuri na risasi inayofuata haikamatwi. Bastola nyepesi za fremu ya plastiki huathirika zaidi kuliko vyuma vizito vya zamani. Kipimo chake ni kumpa mtu mwingine bastola hiyohiyo, magazini hiyohiyo, risasi zilezile. Kipimo hiki ni sahihi na hakipendwi, kwani mtu mwingine huyo, ambaye mara nyingi ni mke wa mwenye bastola na ni mara yake ya kwanza uwanjani, hupiga magazini mbili bila kukwama na kuuliza shida ilikuwa ipi.

Kuhusu mafuta, bastola kavu husuasua na bastola iliyolowa hukusanya masizi na chembe za baruti mpaka zinakuwa ugoro. Matone machache kwenye reli za slaidi yanatosha. Ndani ya magazini hayahitajiki kabisa.

Baada ya hayo yote ndipo zamu ya bastola yenyewe inapofika, ingawa kwa desturi mwenyewe huanzia hapo, tena kwa tupa. Imani kwamba kimteremko kikisuguliwa mpaka king'ae bastola itameza kila kitu ni imani kongwe na yenye wafuasi. Kung'arisha kidogo hakudhuru. Kubadilisha pembe hudhuru, na kwa kimashine cha kusagia kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika, mpaka kati ya hayo mawili huvukwa kabla mtu hajasema “kidogo tu”. Kwenye M1911 kimteremko kina vipande viwili, kimoja kwenye fremu na kingine kwenye mtutu, na kati yao huachwa mwanya wa karibu milimita 0.8. Mgeni huuona mwanya huo, huudhania kasoro, na huulainisha mpaka uishe. Pua ya risasi sasa hujigonga kwenye ukingo wa mtutu. Fremu ikiwa ya aloi ya alumini, msasa huondoa pia ngozi ngumu ya juu, na alumini laini chini yake huanza kuliwa na kila risasi inayopita.

Springi ya kurudisha slaidi nayo huhukumiwa bila ushahidi. Kwa M1911 ya kawaida huwa ya ratili 16. Ikichoka hubadilishwa na nyingine ya nguvu ileile, lakini dukani kuna za nguvu zaidi, na mnunuzi huona kwamba zaidi ni bora. Slaidi sasa hairudi nyuma vya kutosha, na inaporudi mbele huenda kasi kiasi kwamba magazini haijainua risasi. Tatizo lililokuwa moja limekuwa mawili, na la pili limelipiwa. Ndoana inayobana mno au kulegea ni kazi ya fundi anayejua kuipima, na bastola mpya iliyobana inaweza kuhitaji risasi mia mbili hadi mia tano kabla ya kutulia, gharama ambayo haikuandikwa kwenye lebo ya bei.

Magazini iliyothibitika mbovu, namba tatu ile, inapaswa kupondwa kwa nyundo siku hiyohiyo ili isirudi kwenye mfuko. Mafundi wote hushauri hivyo. Kwa desturi hufutwa namba na kuuzwa kwa bei nzuri kwenye maonyesho ya silaha ya mwezi unaofuata.