Mwongozo wa Kujifunza Lugha ya Alama Bila Wewe Kubadilika

Usianzie kwa viziwi. Wenye lugha yao wana tabia ya kusahihisha. Pakua video za Marekani, zipo tele. Kwamba Tanzania ina lugha yake ya alama na Kenya ina yake, huo ni ukaidi wa majirani. Kariri alfabeti ya vidole, kisha ujitangaze mkalimani.

Ukikutana na kiziwi mwenye umri wa babu yako, inamisha macho kama unavyotoa shikamoo. Adabu ni adabu. Akiona ni kama umeziba masikio wakati yeye anazungumza, shauri yake. Kidole nacho usimnyooshee mtu, bibi alikukataza. Hapa pana kausumbufu: kidole hicho ndicho "mimi", "wewe" na "yule", kwa hiyo utasimulia harusi nzima isiyo na bibi harusi wala bwana harusi.

Uso uwe mkavu kama wa karani wa benki saa tisa alasiri. Katika lugha nyingi za alama, nyusi zikipanda unauliza swali la ndiyo au hapana. Zikikunjwa unauliza nani, wapi, kwa nini. Usijisumbue. Muulize mwenzako kama amekula, naye ataelewa kuwa unamtaarifu kwamba ameshakula.

Jina la alama jipe mwenyewe. Desturi ni kupewa na viziwi, nao hawazunguki: huokota kovu, pengo, upara. Wewe uliyezoea kuambiwa umependeza hata ukiwa na homa, chagua Simba. Watakuita hivyo mbele yako. Ukigeuka, wewe ni Kitambi.

Kumwita mtu, paza sauti. Asipogeuka, paza zaidi. Kugusa bega, kupunga mkono au kuzima na kuwasha taa ni mambo ya wasio na subira.

Wakilalamika, wakumbushe mkutano wa Milan wa 1880, ambapo walimu wa viziwi, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, waliamua kuwa shuleni mdomo ni bora kuliko mikono. Katiba ya Kenya ya 2010 usiitaje. Imeiweka Lugha ya Ishara ya Kenya kati ya lugha tatu rasmi za Bunge, na itakuharibia hoja.

Mkalimani halisi akifika, mkodolee macho yeye na useme, "Mwambie kwamba..." Kiziwi akiuliza umejifunza kwa muda gani, mjibu kwa sauti.