Sukutua, Lakini si Sasa Hivi

Ukitaka kuona mtu mzima akijitesa kwa hiari yake, mtazame anayesukutua kwa dawa ya kinywa asubuhi. Mashavu yamevimba, machozi yanamlengalenga, na akigongewa mlango wa bafu hana namna ya kuitika ila kuguna. Akishatema, anahema kama aliyeshinda vita. Maskini, hajui alichokitema. Dawa ya meno ya watu wazima kwa kawaida huwa na floridi kati ya sehemu 1,350 na 1,500 kwa kila milioni, na kazi ya floridi ni kubaki juu ya jino baada ya mswaki kuwekwa chini. Maji mengi ya kusukutua ya kila siku yana sehemu 225 hivi. Kwa hiyo bwana huyu ameikosha floridi kali na kuweka hafifu mahali pake, tena kwa gharama. Ndiyo maana huduma ya afya ya Uingereza, NHS, inashauri watu wasisukutue mara tu baada ya kupiga mswaki.

Mtetezi wa chupa atajibu kwamba dawa inawasha, na kinachowasha ndicho kinachotibu. Imani hii tumelelewa nayo, tangu enzi za kupakwa spiriti kwenye goti lililochubuka. Lakini mwasho huo unatoka kwenye alkoholi na mafuta makali ya mimea. Hausemi lolote kuhusu usafi. Listerine ya asili ina alkoholi zaidi ya asilimia 20, ilhali bia ya kawaida ina 5 hivi, na wapo walokole wasiothubutu hata kupita mbele ya baa ambao huisukutua kabla ya ibada, roho zao zikiwa shwari. Dawa yenyewe ilitengenezwa Marekani mwaka 1879 kwa ajili ya kuua vijidudu kwenye upasuaji. Umaarufu wa kinywani ulikuja na matangazo ya miaka ya 1920, yaliyomwonyesha binti mzuri asiyepata mchumba kwa sababu ya harufu ya kinywa ambayo hakuna aliyethubutu kumtajia. Ni wazi binti huyo hakuwa na shangazi wa Kiswahili. Miaka ya 1970 serikali ya Marekani iliiamuru kampuni itangaze kwamba dawa hiyo haizuii mafua, baada ya kudai hivyo kwa miongo mingi.

Sisemi chupa ni bure kabisa. Aina nyingine husaidia kupunguza ukoga na uvimbe wa fizi, mradi mswaki umeshafanya kazi yake. Atakayeacha mswaki akategemea kusukutua ajiulize kama amewahi kuona ukoko wa ugali ukibanduka kwa kumwagiwa sabuni tu, bila kusuguliwa. Harufu nayo mara nyingi hukaa nyuma ya ulimi, ambako mnanaa huifunika kwa muda tu. Na ile klorheksidini anayoandika daktari kwa fizi zinazoumwa ni dawa kweli, ila ni ya muda mfupi: ukiizoea, meno hupata madoa ya rangi ya chai ya rangi na chakula hupoteza ladha. Aliyeinunua ili meno yang'ae ataishia kucheka na midomo imefungwa.

Basi asukutue lini? Baada ya chakula cha mchana, kwa mfano, kisha asile wala kunywa kwa nusu saa. Hapo ndipo hoja nzito kuliko zote inapoibuka, wala si ya kitabibu: nani abebe chupa hiyo kazini? Ikionekana mezani saa saba, kufikia saa nane ofisi nzima itakuwa imeshaamua kwamba kinywa chake kina mushkeli, na watu wataanza kuzungumza naye wakiwa wameegemea nyuma. Pingamizi hili sina jibu lake. Watu wengi wako radhi kuharibu kazi ya mswaki bafuni, wasikoonekana, kuliko kuilinda floridi yao mbele ya mhasibu.