Yah: Kuazimisha Ungo kwa Ajili ya Upembuzi Yakinifu wa Reli ya Kusini

Kwa Mheshimiwa Mpembuzi Mkuu wa Reli,
Ofisi yenye Kiyoyozi,
Dodoma.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wananchi wa Nachingwea, tunaokutana kila jioni kwenye kijiwe cha kahawa kata ya Stesheni, tunakusalimu na kukutaarifu kwamba sote ni wazima, isipokuwa migongo, ambayo iliharibikia kwenye basi.

Usidhani tumekosea anwani, Mheshimiwa. Kata yetu inaitwa Stesheni kweli. Ina diwani, ina vijiwe, ina bodaboda wanaogombea abiria mpaka wanashikana mashati. Kitu pekee ambacho haina ni stesheni. Mgeni akishuka na begi lake huuliza treni inapita saa ngapi, nasi humjibu kwa adabu kwamba imechelewa kidogo. Ya mwisho ilipita mwaka 1962.

Tunaandika kwanza kushukuru. Redio imetuambia tena kwamba reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, pamoja na matawi yake ya kwenda Mchuchuma na Liganga, kama kilomita 1,000 hivi, iko kwenye hatua nzuri. Tumefurahi sana. Imekuwa kwenye hatua nzuri kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na hatujawahi kuona hatua yenye afya kama hiyo: haiugui, haizeeki na haiendi popote. Ulifanyika upembuzi yakinifu. Ukafuata usanifu wa awali. Kisha akaanza kutafutwa mbia, na anatafutwa hadi leo, kama mtoto aliyepotelea kwenye maonyesho ya Saba Saba.

Sasa kuna jambo limezuka kijiweni. Mzee mmoja, fundi baiskeli, aliuliza huo upembuzi yakinifu ni mdudu gani. Wasomi wetu wawili wakamweleza mpaka kahawa ikapoa. Alipoelewa akasema, "Kumbe ni kupembua tu? Sasa wanapembua shehena ya meli?" Hatukuwa na jibu.

Mimi nilirudi nyumbani nikamkuta mama amekaa kwenye kigoda, anapembua mchele wa chakula cha jioni. Nikatazama saa. Aliurusha ungo mara tatu, makapi yakaangukia upande wa kuku. Akauinamisha kidogo uelekee mwanga wa mlangoni, vidole vikapita juu ya mchele kama vinasoma: chuya moja, ya pili, kijiwe cheusi. Akapuliza. Dakika nne. Maji yalikuwa bado hayajachemka. Nikamuuliza, "Mama, unajuaje kama umeshamaliza?" Akanitazama kwa ile huruma ya kumtazama mtu aliyesomeshwa kwa korosho za ukoo mzima. "Mwanangu, mchele ukishakuwa safi unaupika. Ukiendelea kuurusha, unaumwaga."

Si kwamba tunadharau upembuzi, Mheshimiwa. Watu wa Nachingwea ndio wa mwisho kuudharau, maana tunajua kinachotokea ukirukwa. Mwaka 1946 Waingereza, njaa ya mafuta ya kupikia ikiwabana baada ya vita, walituma wataalamu waje kutazama ardhi ya Tanganyika. Walizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa wakitazama kutoka angani, wakarudi kwao na hesabu ya ekari zaidi ya milioni tatu za karanga. Vifaru vya vita vikageuzwa matrekta. Kongwa ardhi ikakauka ikawa kama saruji, majembe yakapinda. Urambo nako mambo yakawa yale yale. Sisi tukaletewa mradi pamoja na reli yake: ilianzia Mkwaya, karibu na Lindi, ikafika hapa mwaka 1949, na baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Kufikia mwanzoni mwa 1951 serikali ya London ilikuwa imeshanawa mikono, na takriban pauni milioni 36 zimeliwa na vumbi.

Kwa hiyo tulikuwa na reli ya karanga bila karanga. Marehemu bibi yangu alikuwa akienda pale stesheni na sinia la karanga za kukaanga, zilizotoka kwenye kashamba kake nyuma ya nyumba, jembe la mkono, bila kifaru hata kimoja. Alikuwa akisema, huku akicheka mpaka kanga inamdondoka, kwamba yeye peke yake ndiye aliyeufanikisha ule mradi.

Baadaye ikaamuliwa kwamba mzigo hautoshi. Reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa, mataruma yakaenda yalikokwenda. Likabaki tuta. (Mashamba yenyewe hayakupotea bure: moja lilikuja kuwa kambi ya FRELIMO, na walioiva pale walikwenda kuikomboa Msumbiji. Ardhi iliyozikataa karanga iliwakubali wapigania uhuru. Sijui mtaalamu gani angelipembua hilo.)

Neno "mzigo hautoshi" tulilipokea. Tukaenda kuutafuta mzigo. Tukapanda mikorosho, tukaipulizia salfa, tukafukuza nyani. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna korosho zaidi ya tani 300,000, nyingi zikitoka huku kwetu. Mwalimu wa hesabu aliye hapa kijiweni amepiga hesabu nyuma ya pakiti ya sigara: ukipakia tani 30 kwa lori, hizo ni safari 10,000. Ongeza malori ya makaa ya mawe yanayoteremka kutoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara. Bandari yenyewe imeongezewa gati jipya la mita 300. Yaani baharini meli inapokewa kwa heshima zote, nchi kavu mzigo unakuja umejipanga foleni, unatambaa kwenye lami iliyobonyea kama godoro la gesti. Tukasema basi, safari hii mzigo umetosha. Tukajibiwa kwamba kiasi cha mzigo kinafanyiwa upembuzi.

Na hapa, Mheshimiwa, naomba uvumilivu wako, maana nafika kwenye wivu.

Tunaionea wivu gesi. Gesi asilia ni mwenzetu, tumezaliwa naye hapa hapa kusini. Lakini mwaka 2012 ujenzi wa bomba lake la kwenda Dar es Salaam ulizinduliwa, na Oktoba 2015 bomba likafunguliwa. Kilomita zaidi ya 500, miaka mitatu. Gesi haikuambiwa ivute subira. Haikulala barabarani Somanga. Watu wa Mtwara walipouliza mwaka 2013 kwa nini gesi inasafiri na wao wanabaki, hasira zikawaka, mali zikateketea, watu wakafa, na wanajeshi wakaletwa. Walifika upesi sana. Ndipo tulipogundua kumbe njia ya kuja kwetu inapitika.

Tangu 1949, ukiangalia vizuri, kila chombo kilichojengwa huku kilijengwa kwa ajili ya kitu: karanga, gesi, na sasa chuma na makaa. Hata kwenye taarifa za reli hii mpya, Liganga wa chuma anatajwa, Mchuchuma wa makaa anatajwa, abiria anawekwa pembeni ya sahani kama chachandu. Vijana wetu wameondoka kwa miguu na kwa mabasi miaka mingi, mpaka jina la watu wa Lindi likawa jina la kila mchuuzi wa barabarani nchini: Machinga. Watu walioipa nchi nzima jina la kazi hawajawahi kuhesabika kuwa mzigo. Basi tunaomba tuhesabiwe. Ikisaidia, tupimeni kwa kilo.

Labda Mheshimiwa hujawahi kusafiri na sisi. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, nilikuwa kwenye basi. Jirani yangu wa siti alikuwa mama mmoja na tenga la kuku anaowapelekea wajukuu Mbagala. Usiku wa kwanza tulipeana pole. Usiku wa pili tuligawana mihogo. Asubuhi yake, mbele yetu maji, nyuma yetu foleni ya malori, tetea mmoja akataga. Konda akaliangalia lile yai, akamwambia yule mama, "Mama angu, huyu naye ni abiria, nauli yake?" Basi zima likacheka, na ndiyo ilikuwa burudani yetu mpaka tulipovushwa. Siwalaumu waliokuwa wakiitengeneza ile barabara, walifanya kazi usiku na mchana. Ninachosema ni kwamba watu wa mikoa miwili walikuwa wananing'inia kwenye uzi mmoja, na uzi ulipokatika hapakuwa na mwingine.

Wengine kijiweni husema tuache kelele, reli iliyokwisha kufa haifufuki. Hao nimewaletea habari za Waingereza, kwa sababu wao ndio waliotuletea karanga, na inapendeza kujua dunia iliwalipaje. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati vyuma vyetu viking'olewa, na wao walikuwa wanapanga kung'oa vya kwao. Reli ya kusini mwa Scotland, kutoka Edinburgh kushuka mpakani, ilifungwa Januari 1969. Mama mmoja wa mji wa Hawick, Madge Elliot, alikusanya saini zaidi ya 11,000 akazipeleka mpaka kwa Waziri Mkuu London. Hazikusaidia. Usiku wa treni ya mwisho, watu wa kijiji cha Newcastleton walifunga geti la njia ya reli wakasimama mbele yake. Mchungaji wao akakamatwa na polisi, na mbunge aliyekuwa ndani ya treni ile ile ikabidi ashuke kusuluhisha. Basi wakaanza kuandika barua, kuitisha mikutano, kuhesabu abiria wenyewe, kuwasumbua wabunge mmoja baada ya mwingine. Septemba 2015 treni ikarudi, kipande tu, hadi Tweedbank. Hawick kwenyewe bado haijafika, na bado wanaidai.

Walingoja miaka 46. Sisi tumeshawapita, na tunadai kikombe chetu. Ila tunawaonea wivu jambo moja: wao walikuwa na treni ya kuizuia.

Wala hatuhitaji kwenda Scotland. Reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893, iliachwa bila treni ya abiria miaka na miaka mpaka miti ikaota katikati ya mataruma. Desemba 2019 abiria wakapanda tena hadi Moshi, na Oktoba 2020 treni ikaingia Arusha. Watu walijaa stesheni, wazee wakalia. Na tangu katikati ya 2024 mwananchi anapanda treni ya umeme Dar es Salaam akashuka Morogoro au Dodoma kabla pilau la mchana halijapoa. Tuliona kwenye simu. Tulishangilia kwa dhati, kama unavyoshangilia harusi ya mdogo wako nawe hujaposwa.

Kwa hiyo maombi yetu si makubwa. Hatuanzi na Mbamba Bay. Tuanzieni na Mtwara, Masasi na Nachingwea, hata kwa mabehewa mawili yaliyochoka na kichwa cha dizeli kinachokohoa. Huo upembuzi uliokwisha kufanyika, uleteni tuusome kwa Kiswahili kwenye mkutano wa hadhara, hapa Stesheni, siyo kwenye ukumbi wa hoteli wenye maji ya chupa. Mkituma watu wa kuhesabu magari barabarani, waambieni wahesabu na vichwa vilivyomo ndani, pamoja na yule wa mlangoni anayening'inia. Tukipuuzwa tutafanya kama kawaida: kiongozi yeyote akipita kwa ziara atakuta mabango barabarani, na tumeshanunua kalamu za wino mnene.

Halafu kuna suala la tuta. Mpaka leo kuna sehemu unaliona, limenyooka kuliko kitu chochote tulichowahi kujengewa, watoto wanalitumia kwenda shule. Lakini watu wanazidi kujenga juu yake. Kwingine nchini mwananchi akiona kijana wa ardhi na kopo la rangi nyekundu, la kupigia X nyumba za kubomolewa, hukimbilia kwa mwanasheria. Huku kwetu, siku alipopita mpaka rangi anayetafuta nyumba ya mteja wake, mzee mmoja alitoka nje, akajipanga ukutani kwake na kusema, "Karibu mwanangu, piga X hapa, kubwa, ionekane na mtu wa treni." Kijana alishindwa kumwelewa, akaenda zake. Mzee bado analalamika kwamba amerukwa.

Tunaomba mje mtupigie X, Mheshimiwa. Fidia tutazungumza, hatushindwani.

Wako katika upembuzi,

Wananchi wa kijiwe cha kahawa,
Kata ya Stesheni, Nachingwea.

Kiambatisho: Ungo mmoja, mzima, wa mama yangu. Anasema autumie mwenye kuhitaji, lakini urudishwe kabla ya mpunga kuvunwa, maana yeye ana mchele wa kupika.